Neno la Walimu Kuhusu Weupe Unaotoka Katika Kuta za Matofali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi, viongozi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, makazi ya Nakivale)



Tulipoombwa na Kamati tutoe neno la walimu katika siku hii, wengi walitegemea tuseme juu ya amani, au juu ya umuhimu wa elimu. Hayo yamesemwa na wengine kabla yetu na yamesemwa vizuri. Sisi tumeamua kusema juu ya ukuta. Tunaomba mtuvumilie, maana jambo la ukuta limeingia kati yetu na limeanza kutugombanisha.

Nyote mnalijua jengo lenye madarasa 2 ambalo wazazi wamelijenga kwa mikono yao. Matofali tuliyafinyanga wenyewe, maji tukayabeba vichwani, kuni tukazitafuta kwa shida. Mvua za mwezi wa 3 hadi wa 5 zilipokwisha, ukuta ukaanza kutoa kitu cheupe. Kwanza kilikuwa kama unga uliomwagika chini karibu na msingi. Baada ya wiki 2 kikapanda hadi kwenye madirisha, kikawa kama manyoya madogo, na mahali pengine tofali lenyewe likaanza kubanduka maganda. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema ni sumu iliyopakwa usiku. Wengine wakawanyoshea vidole akina mama wa kijiji kimoja waliofinyanga sehemu kubwa ya matofali, wakidai kwamba walitia kitu katika udongo. Wazazi wengine wamewatoa watoto wao katika darasa la upande wa chini. Hatutataja kijiji wala kabila, maana watu hao wanaishi nasi, wanachota maji pamoja nasi, na watoto wao tunawafundisha.

Tena kuna jambo la fedha. Mchango wa wazazi uliobaki ni mdogo, na imependekezwa utumike wote kununua sementi na rangi ili ukuta ufunikwe kabla ya muhula mpya. Sisi walimu tunaomba fedha hizo zisitumike hivyo. Tutaeleza sababu zetu, na kila mtu apime mwenyewe.

Kitu kile ni chumvi. Si lazima iwe chumvi ya kula, kwa maana chumvi ziko za namna nyingi, lakini zote hizo zina tabia moja: huyeyuka katika maji, husafiri pamoja na maji, na maji yakikauka zenyewe hubaki. Watu wa pwani wana neno lake, husema shura. Aliyefika Katwe, kule wilaya ya Kasese, ameiona kazi hiyo kwa macho yake. Pale kuna ziwa la chumvi, na watu wamelikatia vijishamba vya maji pembeni. Jua linapiga, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, watu wanaikusanya na kuiuza. Ukuta wetu unafanya kazi ya Katwe, ila sisi hatukuuagiza. Maji yanaingia ndani ya tofali, yanayeyusha chumvi iliyomo, yanatoka nje kwenye uso wa ukuta, na jua na upepo vikiyakausha chumvi inaachwa pale nje.

Kwa hiyo weupe hauji wakati wa mvua kubwa. Unakuja mvua ikiisha, wakati ukuta unakauka. Tazameni kalenda. Mvua zetu za kwanza hukatika mwezi wa 5, kisha kiangazi kinaingia, na ndipo kuta zinachanua. Waliosema kwamba ukuta ulipakwa kitu usiku baada ya ule mkutano wa wazazi wenye kelele, wamesahau kwamba mkutano ule ulifanyika siku zile zile ambazo mvua ilikatika. Hata kama mkutano usingekuwepo, weupe ungetoka.

Jambo jingine, mbuzi wameulamba ukuta. Hili tumeliona sote, na baadhi yetu tuliwafukuza. Wafugaji wa hapa Ankole wanajua vizuri jinsi ng'ombe anavyotafuta mahali penye chumvi. Lakini tunawaonya akina mama: watoto wasilambe ukuta, wala mama mjamzito mwenye hamu ya udongo asiukwangue. Si kwa sababu ni sumu iliyowekwa na mtu. Ni kwa sababu ukutani hutoka chumvi za namna nyingi, na nyingine si za tumboni mwa binadamu.

Sasa tuulize: chumvi hiyo ilitoka wapi? Hapa ndipo panapogusa heshima za watu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza, iko ndani ya udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi tunaouchimba mabondeni umekaa na maji miaka mingi, na maji yote ya mlimani yanashuka huko na chumvi zake. Hakuna mtu anayefinyanga tofali bila chumvi hata kidogo, awe Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda au mwenyeji wetu Munyankore. (Sote tunaliita tofali kwa neno karibu lile lile, amatafari, amatafaari, matofali. Ingekuwa ajabu kama chumvi yake ingebagua.) Ukienda Mbarara utaona matofali yanafinyangwa katika bonde la mto Rwizi, na kuta nyingi za mjini zina weupe huo huo. Kule hakuna aliyewashtaki wafinyanzi kwa uchawi.

Pili, moto. Tofali lililoiva vizuri, hadi unaligonga na jingine likalia kama kengele, hubaki na chumvi kidogo, maana moto mkali huvunja sehemu ya chumvi hizo, tena huziba matundu madogo ambamo maji hupita. Tofali lisiloiva hulia kama kibuyu kilichopasuka. Katika tanuru zetu za kupanga matofali na kuyapaka udongo nje, matofali ya katikati huiva na yale ya pembeni hayaivi. Kuni zilikuwa chache, mnajua wenyewe tulikozitoa. Wakati wa kujenga, mafundi waliweka yale mazuri mbele yanapoonekana na juu ya milango, na yale ya pembeni ya tanuru wakayatumia chini, karibu na msingi, wakidhani hayataonekana. Chini ndiko maji yaliko. Hatuwalaumu sana, kila fundi hufanya hivyo. Ila mwone kwamba mstari wa weupe unafuata mahali matofali mabichi yalipowekwa, haufuati mikono ya mama aliyeyafinyanga. Tumehesabu safu kwa safu pamoja na mafundi wenyewe.

Tatu, sementi nayo ina chumvi zake, na mchanga wa kandokando ya maji pia unaweza kuwa nazo. Nne, majivu. Hili watu wengi hawalijui, ingawa bibi zetu walilijua. Wazee wetu kutoka Kongo wanakumbuka jinsi chumvi ilivyotengenezwa kwa kuchuja maji katika majivu ya majani. Sasa, jikoni pale nyuma ya darasa majivu ya uji wa watoto humwagwa kila siku chini ya ukuta, mahali hapo hapo. Mvua inayachuja, ukuta unakunywa. Tano ni mikojo ya mbuzi na ya watoto wasiotaka kwenda chooni, na hilo tunawaachia wazazi na sisi wenyewe walimu wa zamu.

Lakini chumvi peke yake haiwezi kutembea. Ikikosa maji, hukaa ndani ya tofali miaka 100 bila kumsumbua mtu. Basi adui wa kushughulikia ni maji.

Maji yanaingia katika ukuta wetu kwa njia 3. Njia ya kwanza ni ya chini: udongo uliolowa hunyonywa na tofali kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ndiyo maana mafundi wazuri huweka karatasi nzito ya nailoni juu ya msingi, kabla ya safu ya kwanza ya ukuta, ikiwa imeinuka angalau sentimita 15 kutoka ardhini. Katika jengo letu haikuwekwa. Njia ya pili ni ya kurukia: maji ya paa yanaanguka chini kwa nguvu na kurusha matope hadi magotini. Njia ya tatu ni ya juu, mahali bati limetoboka au ukuta hauna kofia.

Njia ya pili ndiyo kubwa kwetu, na tumewapa wanafunzi wa darasa la 6 hesabu yake. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati, hutoa lita 20, yaani jerikeni 1 kamili. Paa letu lina mita 16 kwa 8, ndiyo mita za mraba 128. Basi mvua moja tu ya namna hiyo inamwaga jerikeni 128, nusu upande huu na nusu upande ule. Jerikeni 64 chini ya kila ukuta, kwa mvua moja! Hakuna mzazi ambaye angekubali mtu aje amwage jerikeni 64 chini ya nyumba yake. Lakini paa likimwaga tunanyamaza. Na watoto wale wale wanatumwa kuchota maji ya kunywa shuleni.

Mtu akitaka kujua weupe wa nyumbani kwake ni wa namna gani, majaribio ni rahisi, watoto wanaweza kuyafanya. Dondosha tone la maji juu yake. Ukiyeyuka na kupotea, ni chumvi. Ukibaki pale pale, dondosha maji ya limau: ukitoa povu dogo, hiyo ni chokaa iliyotoka katika sementi, ikakutana na hewa ikawa jiwe. Hiyo haina madhara makubwa, ni sura tu. Na kama weupe ni kama pamba, unanuka uvundo, na ukiugusa unasagika na kuacha alama ya kijani au nyeusi, huo ni ukungu. Ukungu ni hatari kwa kifua cha mtoto na unataka dirisha na hewa. Msichanganye hayo 3, kwa maana dawa ya moja haifai kwa jingine.

Hata tofali likiwa bado halijajengwa linaweza kupimwa. India wana kipimo cha serikali kwa jambo hili: tofali linasimamishwa katika chombo chenye maji ya kina cha milimita 25, linaachwa linyonye hadi maji yakauke, wanarudia mara ya pili, kisha wanatazama weupe umefunika sehemu gani. Usipozidi sehemu 1 ya 10 ya uso, huhesabiwa kuwa kidogo. Ukifika nusu, ni wa kadiri. Sisi tumefanya hivyo kwa sahani na maji ya mvua, kwa matofali 6 yaliyobaki. Matatu yalikuwa ya wale akina mama walioshutumiwa, matatu ya vikundi vingine. Sahani ziko mezani pale, mkimaliza kula njooni mzitazame. Yale yasiyoiva yametoa weupe, yaliyoiva hayakutoa, na katika kila upande liko lililotoa na lisilotoa. Wazee wa kijiji walikuwapo tulipoyaweka na walikuwapo tulipoyatoa.

Tuje kwenye dawa. Jambo ambalo watu hulikimbilia kwanza ni kumwaga maji na kusugua. Ukuta unapendeza jioni, na baada ya siku 3 weupe unarudi ukiwa mwingi zaidi, kwa kuwa umeirudisha chumvi ndani na kuipa usafiri wa kutokea tena. Chumvi ifagiliwe ikiwa kavu, wakati wa jua kali, kwa brashi ngumu ya nyuzi au ufagio wa njiti. Msitumie brashi ya waya, maana inachuna ngozi ya tofali. Chini utandike shitingi au gunia ili unga wote udondokee hapo, ukautupe mbali. Ukiuacha chini ya ukuta, mvua ya kwanza itaurudisha.

Wengine wameshauriwa na mafundi wa mjini watumie maji ya betri. Tunasema hapana. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Yanaunguza macho na mikono, na zaidi ya hayo, yakikutana na chokaa iliyomo ukutani yanazaa chumvi mpya ya salfeti. Unalipa fedha kununua ugonjwa ule ule.

Sasa ile plasta ya sementi na rangi. Tunajua kwa nini inapendwa. Mtu akitoka nyumba ya turubai, ukuta laini uliopakwa rangi unaonyesha kwamba amefika mahali. Hatuidharau hamu hiyo. Lakini nendeni Mbarara, kilomita kama 60 tu, mtazame majengo ya barabara za nyuma ambayo yamepigwa plasta ya sementi hadi kiunoni juu ya ukuta wenye maji. Utaona plasta imevimba kama chapati, ukiigonga inalia wazi, na juu ya plasta, mahali tofali linapoanza kuonekana, weupe umepanda juu zaidi kuliko zamani. Sababu ni kwamba sementi haipitishi maji kwa urahisi. Maji yaliyozoea kutokea magotini yanakosa mlango, yanapanda hadi yapate mlango mwingine. Na chumvi inayokauka nyuma ya plasta haina nafasi, inasukuma. Kuna chumvi moja ya sodiamu ambayo ikinywa maji hufikia kama mara 4 ya ukubwa wake wa awali. Hebu fikirini kitu kinachovimba hivyo ndani ya tundu dogo la tofali. Hiyo ndiyo inayobandua maganda. Kwa hiyo fedha za wazazi zikinunua plasta leo, baada ya misimu 2 au 3 tutakuwa na plasta chini, ukuta uliochunika zaidi, na hakuna fedha.

Kule Pakistan, katika jimbo la Sindh, kuna mji wa kale unaoitwa Mohenjo-daro, uliojengwa kwa matofali ya kuchomwa yapata miaka 4,500 iliyopita. Ulikaa chini ya ardhi ukiwa salama. Ulipofukuliwa katika miaka ya 1920, na maji ya ardhini yakapanda kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji, kuta zikaanza kuliwa na chumvi, tofali likigeuka unga. UNESCO ilianzisha kampeni ya kuuokoa mwaka 1974, na mwaka 1980 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Zilijaribiwa njia nyingi, pamoja na mashine za kuvuta maji. Na moja ya dawa ambazo mafundi wa huko huzitumia ukutani, ndugu zetu, ni udongo. Udongo uliokorogwa na maji, ukapakwa juu ya tofali. Udongo unanyonya, chumvi inatoka ndani ya tofali na kukauka katika udongo badala ya kukauka ndani ya tofali. Udongo ukiharibika unaondolewa, unapakwa mwingine.

Tunalisema hili kwa makusudi, maana katika makazi haya neno "nyumba ya udongo" limekuwa neno la kudharauliana. Kumbe mama anayekanda udongo na kuupaka ukutani kila kiangazi anafanya kazi ambayo wataalamu wanaifanya kwenye mji wa miaka 4,500.

Namna ya kuufanya kwa ukuta wetu ni hii. Kwanza tufagie kukavu, siku kadhaa, hadi unga usitoke tena. Kisha tukoroge udongo wa mfinyanzi na mchanga uliooshwa, kwa maji ya mvua tuliyoyakinga. Tusitie samadi. Najua nyumbani samadi huimarisha plasta ya udongo, lakini samadi ina chumvi zake, na hapa tunataka udongo wenye njaa ya chumvi. Ukuta unyunyiziwe maji kidogo tu, chumvi iamke, ndipo udongo upakwe unene wa sentimita 2 au 3 kutoka msingi hadi kidogo juu ya mstari wa weupe. Uachwe ukauke polepole. Ukipasuka na kuanza kuanguka, umekwisha kazi yake: ubanduliwe, utupwe shimoni mbali na jengo. Turudie mara 2 au 3 katika kiangazi hiki. Mwishoni, anayetaka ukuta mweupe wa kupendeza apake chokaa. Chokaa inapatikana Kasese na hufika madukani Mbarara. Inapitisha pumzi ya ukuta, wala haivimbi kama rangi ya mafuta. Nyumba za mawe za Zanzibar zilijengwa na kupakwa kwa chokaa, na wanaozitunza leo wanawakataza watu kuzipiga sementi kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini hayo yote ni bure kama paa litaendelea kumwaga jerikeni 64 kila upande. Kwa hiyo fedha za wazazi, tunaomba, zinunue mifereji ya bati ya kukinga maji, mabano yake, na bomba la kuyapeleka kwenye tangi. Kazi nyingine haina bei, ni ya majembe: kuchimba mtaro kuzunguka jengo, mita 1 kutoka ukutani, wenye mteremko, kuondoa udongo uliolundikana hadi kufunika msingi, kuhamisha jalala la majivu, kufunga mbuzi mahali pengine.

Tunapenda sasa kuwaelekea wageni wetu wa mashirika, kwa heshima na kwa uwazi. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Wako wazee waliozikwa hapa ambao waliambiwa kwamba ni kwa muda. Kila jengo linapopangwa, linapangwa kama la muda, na bajeti ikipunguzwa, kinachokatwa kwanza ni vitu ambavyo havionekani siku ya ufunguzi: nailoni ya msingi, mifereji ya paa, mtaro. Kinachobaki ni ukuta, bati na kibao chenye jina la mfadhili. Tumeona mara nyingi. Baada ya miaka 3 ukuta unaanza kuchunika, anakuja mtu mwingine kuandika ripoti kwamba jamii haitunzi majengo. Tunaomba mifereji na nailoni viandikwe katika mkataba kama sehemu ya jengo, kama mlango ulivyo sehemu ya jengo. Kama fedha hazitoshi madarasa 4, jengeni 3 yenye mifereji. Tunasema hivyo tukijua kabisa watoto tulio nao kwa kila darasa, na tukijua kwamba misaada imepungua na kwamba mgawo wa chakula wenyewe umekatwa katika miaka hii. Katika upungufu, kujenga mara 2 ni ghali.

Kwa wazazi waliowatoa watoto: leteni watoto Jumatatu. Sisi walimu tunakaa katika darasa lile siku nzima, tunakula chaki na vumbi lake. Na kwa wale akina mama walionyoshewa vidole, ambao leo wamekaa nyuma kule chini ya mti badala ya kukaa mbele pamoja na wenzao: sahani za majaribio ziko mezani, nanyi mna haki ya kuwa wa kwanza kuzitazama. Tunamwomba Mwenyekiti awaite kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa maneno yale yalisemwa kwa sauti, hayakunong'onwa.

Kazi itaanza Jumamosi saa 2 asubuhi. Wenye majembe na koleo waje nayo kwa ajili ya mtaro. Kila kijiji kilete ufagio mgumu 5 na shitingi 1 ya zamani. Wanafunzi wa darasa la 6 na la 7 watapima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, wamekwisha fundishwa. Udongo utachimbwa kule kule yalikotoka matofali, na akina mama tuliowataja ndio watakaouonyesha mwanzo na mwisho wa kuukanda, maana hakuna anayewashinda katika makazi haya. Watakaokuja bila kitu waje na jerikeni ya maji ya kunywa.